Kutembea na Mbwa Kalenga: Mwongozo wa Kuizunguka Ngome ya Mkwawa kwa Miguu

Wengi wanaofika Kalenga hushuka kwenye gari, huingia makumbusho, hulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hupiga picha mbili tatu nje, na kabla ya chakula cha mchana wameshageuza kurudi Iringa mjini. Wanaondoka hawajaiona ngome. Ngome ya Lipuli, ambayo jina lake timu ya mpira ya Iringa imelibeba, haikuwa jumba la kuingia na kutoka. Ulikuwa ukuta uliouzunguka mji, na pale palipokuwa na mji huo leo watu wanaishi, wanalima na wanafuga. Ukitaka kuuelewa ukubwa wake, tembea.

Mbwa anaweza kuja nawe, na ni matembezi yanayomfaa: njia za udongo, mashamba, kivuli hapa na pale, na mto Ruaha Mdogo upande wa bonde. Sharti ni moja tu. Mwandae kwa ajili ya kijiji, maana hapa haendi porini. Kuna kuku, mbuzi, watoto, wazee wanaoota jua mlangoni, na kuna makaburi. Mengi katika mwongozo huu yanatokana na sharti hilo.

Mwezi mmoja kabla: chanjo

Anza na kichaa cha mbwa. Mbwa asiye na chanjo asitoke nyumbani kwenda kijiji cha watu, hata kama ni mpole kama kondoo. Chanjo ya kwanza hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kinga huchukua wiki kadhaa kujijenga mwilini, kwa hiyo kumchanja Ijumaa ili Jumamosi mwende Kalenga ni kujidanganya. Nenda kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako angalau mwezi mmoja kabla, na hakikisha kadi imeandikwa tarehe na imegongwa muhuri. Mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri huendesha chanjo za bure au za bei nafuu. Ukisikia tangazo, usilipuuze.

Siku ya matembezi kadi hiyo iwe mfukoni. Mbwa wako akimkwaruza mtu, ukiitoa hapohapo, mazungumzo huanza kwa utulivu. Usipokuwa nayo, kila mtu ana haki ya kuogopa.

Ukiwa huko kwa daktari, omba pia dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Kupe ndio watakaokusumbua kuliko nyoka.

Mfundishe mambo matatu

Kwanza, kutembea na kamba bila kuvuta. Mbwa wengi wa kwetu hufungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku walinde. Hawajawahi kutembea na mtu njiani. Ukimtoa mbwa wa namna hiyo moja kwa moja hadi Kalenga, atakuburuta. Mzoeze mtaani kwako asubuhi na mapema kwa wiki kadhaa, umbali mfupi kwanza, halafu mrefu.

Pili, kukaa kimya kuku anapopita. Hili halina njia ya mkato. Mpitishe karibu na kuku wa jirani akiwa na kamba fupi, akitulia mpe kipande cha nyama, akiruka rudi nyuma hatua kadhaa na uanze tena. Mbwa ambaye bado anawatolea kuku macho, abaki nyumbani mpaka aive.

Tatu, kuitwa akaja. Siku ile hutamwachia kamba, lakini kamba hukatika.

Chagua msimu

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Machi ukienda Kalenga utaona mahindi tu. Yamesimama juu ya kichwa chako, na ukuta uliobaki umefunikwa na majani. Njia nazo zina tope la kunata linalojaa katikati ya vidole vya mbwa, likikauka linamuumiza.

Mimi napendekeza Julai na Agosti. Mahindi yameshavunwa, nyasi zimelala, na ardhi inaonyesha umbo lake: unaliona tuta linaanzia hapa, linakatwa na njia ya baiskeli, linaendelea nyuma ya nyumba. Baridi ya Iringa asubuhi ni kali kwa mtu, lakini mbwa anaipenda. Oktoba ni mwezi wenye uzito wake kihistoria, kwa kuwa ngome ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, ila jua na vumbi vya mwezi huo si rafiki wa mbwa. Ukiamua Oktoba, uwe umemaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Vya kubeba

Kamba imara ya mita moja na nusu hadi mbili, na ya akiba. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko kola, maana mbwa akishtuka hawezi kuuchomoa kichwa. Maji lita mbili za mbwa peke yake na bakuli la plastiki. Kifunga mdomo kama mbwa wako ni mkali au mgeni kwa watu. Mifuko ya kuzolea kinyesi, kipande cha sabuni, kibanio cha nyusi kwa ajili ya kupe, na kitambaa safi. Chakula kidogo tu: mbwa aliyeshiba ugali na dagaa asubuhi hatembei vizuri, mlishe kikamilifu jioni.

Noti ndogondogo ziwepo. Sababu utaiona mbele.

Kufika

Kalenga ipo kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Daladala zipo, lakini usimpandishe mbwa daladala. Hata kondakta akikubali, abiria aliyebanwa naye hakuulizwa. Gari lako, au bajaji ya kukodi kwa makubaliano kamili kabla hujapakia, ndiyo njia ya heshima. Tandika shuka kuukuu kwenye kiti. Kwenye gari funga ule mkanda wa kifuani, asirukie dereva.

Jaribu kuwa pale mapema, na simama kabla hujafika kwenye makazi. Mtembeze kwa muda kidogo kando ya njia, ajisaidie haja zote mbili, na uzoe kinyesi. Jambo hili watu hulipuuza, na ndilo linaloharibu kila kitu. Mbwa dume huinua mguu kwenye chochote kilichosimama: nguzo, jiwe, ukuta wa kale, kaburi. Aliyetoa mkojo wote mapema, na anayeshikwa kamba fupi, hatakuaibisha.

Salimia, kisha omba

Ukifika makumbusho, mwache mbwa nje ya uzio na mwenzako. Nenda wewe ukasalimie, ulipe kiingilio, ueleze kwamba umekuja na mbwa na ungependa kutembea hadi mabaki ya ukuta. Omba mtu wa kukuongoza. Mwongozaji si mapambo. Sehemu kubwa ya kile kilichobaki ipo kwenye viwanja na mashamba ya watu, na mwenyeji anajua uani kwa nani panapitika na kwa nani pana msiba leo.

Njiani salimia kila mtu. "Kamwene" inafungua milango mingi Uhehe na Ubena, na kwa mzee ongeza "shikamoo" yako hata kama hujui neno jingine la Kihehe. Salimu ukiwa umemvuta mbwa upande wa pili wako, ili wewe uwe katikati ya mbwa na mtu. Mtu akisogea pembeni usimwambie "haumi huyu". Anayeogopa mbwa hatulizwi na maneno ya mwenye mbwa. Anatulizwa na nafasi. Wako pia Waislamu wengi wanaohesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nguo ikiguswa inabidi ifuliwe kabla ya swala. Hilo peke yake linatosha kumweka mbali na nguo za watu.

Utasikia utani. Wahehe na mbwa ni utani wa nchi nzima, na wenyeji wenyewe huenda wakakutania kwamba umeleta kitoweo. Cheka nao. Usiuanzishe wewe.

Makumbusho na makaburi: ingieni kwa zamu

Mbwa haingii ndani na hasogei kwenye makaburi. Kama mpo wawili, mmoja abaki naye kivulini, mwingine aingie, kisha mbadilishane. Kama uko peke yako na mbwa, makumbusho iache kwa siku nyingine, au njoo na mtu. Usimfunge kwenye mti halafu ukapotelea ndani. Watoto watamzunguka, na mbwa aliyefungwa ugenini ndiye anayeuma.

Chumba chenyewe ni kidogo lakini kaa humo. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, tunayemwita Mkwawa, ndiye ambaye watu wake walikivizia kikosi cha Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye Gavana Friedrich von Schele alikuja na jeshi na mizinga hadi hapa Kalenga na kuuvunja mji huu. Mkwawa akatoka akiwa hai, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi asikamatwe. Fuvu lililohesabiwa kuwa lake lilikwenda Ujerumani. Likaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, kwamba lirudishwe. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining, baada ya kulipata katika makumbusho ya Bremen. Unaposimama mbele ya kile kioo, kumbuka kwamba lilirudi baada ya zaidi ya miaka hamsini.

Nje kuna makaburi ya ukoo, likiwemo la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge. Vua kofia. Mbwa abaki mbali kiasi kwamba hata akibweka haonekani kama yuko mazishini.

Kuufuata ukuta

Sasa tembeeni. Usitegemee kuona ngome ya mawe yaliyochongwa kama Kilwa. Ukuta wa Mkwawa ulijengwa kwa mawe na udongo, ukabomolewa kwa makusudi, na mvua za zaidi ya miaka 130 zimefanya yaliyobaki. Unachokitafuta ni tuta refu lisilofuata mwelekeo wa matuta ya shamba. Inama. Kwenye ubavu uliokatwa na njia au na maji ya mvua utaona mawe yamekaa kwa mpango, makubwa chini, madogo yamejazia, na udongo katikati yake ni mgumu na wa rangi tofauti kidogo na wa shambani. Jiwe lililodondoka lenyewe haliwi hivyo. Ukishaliona mara moja, jicho linazoea, na utaanza kuliona tuta hilohilo mbele zaidi, nyuma ya banda la mbuzi, chini ya mparachichi.

Hapo ndipo mbwa wengi hutaka kuchimba. Panya na mijusi wanapenda kuta za kale, na mbwa anawanusa. Mvute mara moja. Mabaki haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba bila kibali ni kosa, awe ni mtu mwenye jembe au mbwa mwenye kucha. Usipande juu ya tuta, wala usimpandishe mbwa ili umpige picha nzuri. Tembeeni pembeni yake. Na usiokote kitu, hata kigae cha chungu.

Mashimo ya kwenye mawe yana sababu nyingine ya kuyakwepa. Kifutu hulala pale palipopata jua la asubuhi na hakimbii anaposikia hatua kama nyoka wengine. Pua ya mbwa ndiyo inayotangulia. Mbwa akiumwa, usichanje wala usifunge kamba mguuni. Mbebe, asitembee, na mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka iwezekanavyo.

Mbwa wa wenyeji

Watakuja. Watatoka uani wawili watatu, wakibweka, mkia umesimama. Usikimbie na usimbebe mbwa wako mikononi, kwa sababu watakurukia wewe. Simama, fupisha kamba, kisha inama kama unayeokota jiwe. Mbwa wa kijijini anaijua ishara hiyo tangu utotoni, na mara nyingi inatosha. Jiwe lenyewe halihitajiki. Mwenye nyumba akitoka kuwaita, mshukuru, na mpite polepole.

Akitokea mbwa anayetoka mate mengi, anayeyumba, au anayekuja moja kwa moja bila kubweka, hapo si suala la adabu tena. Ingieni nyumba ya karibu, funga mlango, na toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu akiumwa au kulambwa kwenye kidonda, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ndiyo kazi ya ile sabuni, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu haponi mtu. Usisubiri.

Kuku akiuawa

Ikitokea mbwa wako amemkamata kuku, usibishane kama kuku alikuwa barabarani. Mtafute mwenyewe, omba radhi, ulipe papo hapo bei atakayosema. Ndiyo sababu ya noti ndogondogo. Kwa mbuzi au ndama mwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti awe shahidi wa makubaliano. Kisha yaishe, matembezi ya siku hiyo yamekwisha, mbwa arudi garini.

Mtoni

Teremkeni kuelekea Ruaha Mdogo baada ya kuuona ukuta, siyo kabla, ili mbwa awe na hamu ya maji. Muulize mwongozaji mahali salama pa kusogelea, na usimwingize mbwa mahali wanapoteka maji au kufulia.

Bonde hili lina bustani za nyanya na vitunguu, na bustani zina viuatilifu. Angalia kingo za mfereji: chupa tupu za dawa, vifuniko, mifuko ya karatasi iliyopasuka. Mbwa hulamba chupa. Maji yaliyotuama mferejini yanaweza kuwa yamesafishiwa bomba la kupulizia. Kwa hiyo mnyweshe maji uliyobeba, kwenye bakuli lake. Mbwa akianza kutoa mate mengi ghafla, kutetemeka na kutapika, kimbilia kwa daktari wa mifugo na uchukue chupa hiyo uende nayo, imefungwa kwenye mfuko. Jina la dawa litamsaidia kujua afanye nini. Vitunguu vilivyotupwa kando ya njia navyo ni sumu kwa mbwa, asivitafune.

Kaeni kivulini kwa muda mrefu. Mbwa hatoi jasho kama mtu, anapoa kwa kuhema. Akihema mdomo wazi kupita kiasi, ulimi ukawa mwekundu sana, akalala na kugoma kuinuka, lowesha tumbo na miguu kwa maji na usiendelee. Kabla ya kupanda kurudi, weka mgongo wa kiganja kwenye udongo wa njia na uhesabu hadi tano; ukishindwa kuvumilia, na yeye hawezi.

Kwingineko, kwa kifupi

Watu huniuliza kuhusu Isimila, ile iliyotambuliwa mwaka 1951 kwa zana zake za mawe, pembeni ya barabara ya Mbeya. Ni pazuri mno kwa mtu, lakini korongo lile lina miteremko ya kumomonyoka na zana zenyewe zimelala chini wazi. Simshauri mtu aende na mbwa. Mnara wa Lugalo upo kandokando ya barabara kuu yenye malori, huko napo hapana. Mlambalasi ni mbali zaidi kuelekea Ruaha, na kadiri unavyokaribia hifadhi ndivyo unavyokaribia mbung'o. Malale yanaua mbwa. Ndani ya hifadhi yenyewe mbwa haruhusiwi kabisa. Kwa mbwa, baki Kalenga.

Jioni nyumbani

Kabla hajalala, mkague kupe kwa vidole, usitegemee macho: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukigusa kijiuvimbe kinachoteleza kama mbegu, tenganisha manyoya. Kamata kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti. Mtie kwenye spiriti, kisha nawa.

Halafu mwangalie kwa wiki tatu. Akikataa chakula, akawa na homa, fizi zikapauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hiyo ni homa ya kupe mpaka daktari aseme vinginevyo. Nenda siku hiyohiyo, na mwambie alitembea wapi na lini.